Alama Niliyoifuta kwa Tupa

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, nilipofungua mlango wa karakana yangu kule Kitale na kukuta ubao wa vifaa ukiwa mtupu. Nataja dakika kwa sababu kazi yangu imenizoesha kuandika dakika. Niliangalia saa kwanza, ndipo nikapiga kelele.

Ndugu zangu wa chama hiki cha mafundi, wengi wenu mnanijua kama yule fundi wa Kitale anayekuja hapa Bungoma kila mwisho wa mwezi, anakaa karibu na dirisha na hasemi mengi. Leo nitasema. Na kwa kuwa kuna wageni, nianze na kazi yenyewe.

Mimi hukunja parachuti za akiba. Mtu anayeruka kutoka miteremko ya Elgeyo, au rubani wa ndege ndogo, huwa na parachuti moja ambayo anaomba Mungu asije akaitumia. Hiyo ndiyo huletwa kwangu. Naifungua, naikagua mshono kwa mshono, naianika, naikunja upya, halafu naifunga kwa uzi mwekundu na kupiga lakiri juu ya uzi. Lakiri ni kipande kidogo cha madini ya risasi, kama kile mnachokiona kwenye mita ya stima. Hupigwa kwa koleo maalum, na ndani ya meno ya koleo hilo kumechongwa alama ya fundi. Mwenye parachuti hawezi kuona nilichofanya ndani. Akifungua aone, kazi imeharibika. Kwa hiyo anatazama alama tu, anaamini, anaruka.

Alama hiyo niliipata kwa jasho. Shule niliishia darasa la nane. Nilikuwa mshonaji wa maturubai ya kufunikia mahindi, na vitabu vya parachuti nilivisoma mwenyewe kwa miaka sita, kamusi ikiwa pembeni. Mtihani niliurudia mara mbili. Ndiyo maana ubao wangu wa vifaa niliupanga kama altare. Kila kifaa nilikichorea umbo lake kwa rangi nyeupe, kwa sababu kabla ya kufunga parachuti lazima uhesabu, usije ukasahau pini ndani ya kitambaa. Vifaa vilikuwa ishirini na vitatu. Asubuhi ile yalikuwepo maumbo meupe ishirini na matatu, na juu yake bati la paa limekunjwa kama kifuniko cha mkebe, mwanga unaingia.

Nilikwenda kituo cha polisi kuandikisha wizi. Afisa aliyekuwa zamu alinipokea kwa heshima.

"Umeibiwa nini, mzee?"

"Vifaa vya kufungia parachuti."

Akaweka kalamu chini. "Wewe ni mwanajeshi?"

"Hapana, ni fundi."

"Parachuti? Kitale hapa?"

Nikampa orodha niliyokuwa nimeiandika. Aliisoma yote, simlaumu. Alipofika namba saba akainua macho. "Sasa mzee, hili koleo si unapata tu hardware? Hapo chini wanauza mia nne."

"Hilo lina alama yangu, afande."

"Hata langu niliandika jina kabisa, bana. Watoto wakalipoteza tu."

Ndugu zangu, nawaambia, wiki hizo nilichoka kusikia neno "tu". Jirani akaniambia nishukuru hawakubeba cherehani. Shemeji yangu anayeishi kule mji wa Kwanza akanipigia simu: "Ati unalia juu ya koleo? Si ni koleo tu?" Mke wangu peke yake ndiye hakusema hivyo. Aliuliza swali moja: "Aliyenalo anaweza kufanya nini nalo?" Nikamjibu kwamba mwizi hajui hata ni la nini. Nilitaka tulale.

Nikaanza kurudisha vifaa, kimoja kimoja. Pini nilizipinda mwenyewe kwa waya mgumu. Ubao wa kusukumia kitambaa niliuchonga, nikaupiga msasa hadi haukwaruzi hata soksi. Mifuko ya uzito ya kukandamizia mikunjo mliishona ninyi akina mama wa chama hiki, na mpaka leo ndiyo ninayotumia. Koleo nililiagiza kutoka nje. Na hapa, ndugu zangu, ndipo kosa langu lilipo. Nililiagiza likiwa na alama ile ile.

Nilisimama mahali hapa nikawaeleza kwa fahari. Ndugu yetu mmoja, mchonga mihuri mwenye kibanda karibu na msikiti, akanyanyua mkono. Yupo leo, ameinamisha kichwa, hapendi kutajwa. Alisema, "Fundi, kwetu sisi mhuri wa ofisi ukiibiwa hatuchongi ule ule. Mteja analeta karatasi ya polisi, na lazima kitu kibadilike. La sivyo wewe na mwizi wote mko na mhuri halali."

Mnakumbuka nilivyomjibu. "Wewe endelea na mihuri ya machifu. Mambo ya anga niachie mimi."

Mkacheka. Nikakaa chini nikijiona mshindi. Nilikuwa nimesoma miaka sita ili nipate alama ile, na sikutaka mwizi anifanye niiache. Nilifikiri kubadilisha alama ni kukubali kwamba nimeshindwa.

Miezi mitatu baadaye alikuja karakanani dada mmoja, daktari wa mifugo wa hapa Bungoma, ambaye wikendi huruka Elgeyo. Alikuwa na parachuti yake ya akiba. Kamba moja ya begi ilikuwa imekatika, akataka nishone palepale akisubiri. Nilipoigeuza nikaona lakiri. Alama yangu, safi kabisa. Nikaona na kadi ya ukaguzi: sahihi kama yangu, na tarehe. Nikafungua daftari langu. Siku hiyo sikuwa karakanani. Nilikuwa kule Kwanza kwenye mazishi, nimebeba jeneza begani.

"Daktari, hii si mimi niliyeifunga."

Akacheka. "Fundi, acha mchezo. Lakiri ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hii sahihi?"

"Inafanana na yangu."

"Sasa unaniambia nini? Nilimpa yule mtu wako, na pesa yako nikampa."

Mtu huyo sitamtaja. Alikuwa akikusanya parachuti za wateja wa upande huu, akiniletea Kitale, na kuwarudishia watu kazi zao. Nilimwamini kama shati langu. Kesi iko mahakamani, imetajwa mara nne na kuahirishwa mara nne, kwa hiyo habari ya nani alimpa koleo nairuka.

Nikamwambia daktari kwamba koleo langu liliibwa, kisha nikamwomba ruhusa ya kukata uzi. Nikafungua juu ya meza. Haikuwa imeguswa. Mikunjo ilikuwa ile ile niliyoikunja mwaka uliotangulia, lakini maji yalikuwa yameingia, kitambaa kimeshikana na kina ukungu, na mipira inayoshika kamba imeyeyuka ikawa kama gundi. Nikashika mshipi wa juu nikaivuta kwa nguvu, jinsi hewa inavyoivuta. Ikatoka kwenye begi ikiwa bonge moja, ikaanguka sakafuni. Haikufunguka.

Daktari alisimama akiitazama. Kisha akasema polepole, "Nimeruka nayo mara tatu."

Nilipiga magoti kulikusanya lile bonge.

"Mara tatu, fundi. Na watoto wangu walikuwa chini wananipungia mkono." Akaniangalia. "Wewe siku zote hizo ulijua koleo limeibwa?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

Ndugu zangu, mwizi sijawahi kumwona uso. Huyo mwingine atajibu kwa hakimu. Lakini swali la daktari lilikuwa langu peke yangu. Na jambo lililonikera kuliko yote ni hili: nilichukua lakiri yake, nikachukua na lakiri niliyoipiga siku hiyo kwa koleo langu jipya, nikaziweka chini ya lenzi. Mimi mwenye alama sikuweza kuzitofautisha. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi kumsaidia mghushi.

Jumamosi hiyo nilikuja hapa na koleo jipya, jiriwa ndogo na tupa. Nililibana mezani, pale anapokaa katibu, nikalipiga tupa hadi alama ikaisha. Lilikuwa na miezi mitatu tu. Kabla ya hapo nilimwomba radhi mchonga mihuri, naye akasema tu, "Shika tupa vizuri, utajikata." Halafu akakaa nami, tukachora alama mpya pamoja.

Kisha ikaja kazi ya aibu. Daftari langu lilionyesha parachuti arobaini na moja zenye alama ya zamani. Nilimpigia kila mwenye nayo na kumwambia kwamba tangu siku hiyo alama ile haina maana, haijalishi nani aliipiga, arudishe parachuti niifungue bure. Nilitukanwa. "Yaani nilikulipa mwezi jana, leo ati haifai?" Mwingine akaniuliza kama nimefilisika natafuta ujanja. Thelathini na tisa zilirudi. Mbili bado, na hadi juzi nilikuwa nawapigia wenyewe. Na kwa kuwa habari zilienea, zikaja nyingine tano ambazo hazikuwa daftarini kabisa. Pamoja na ile ya daktari, zilikuwa sita ambazo mtu alizipiga lakiri bila kuzifungua. Kila moja ilikuwa na mtu wake.

Siku hizi koleo lenye alama mpya halilali karakanani. Kila lakiri ina namba, namba iko kwenye daftari langu, na nakala ya daftari anakaa nayo katibu wetu hapa Bungoma. Mwenye parachuti anapigiwa simu na mimi mwenyewe, anatajiwa namba asome kama ndiyo anayoiona. Hakuna mtu wa kati. Ni kazi ya kuchosha, na bado kuna wateja wanaoniambia nimezidisha.

Nawashukuru. Mlinipa ukumbi huu siku tisa, mkaondoa viti, tukatandika parachuti sakafuni. Washonaji mlipiga magoti mkapitisha vidole kwenye mishono hata macho yakawauma. Namshukuru daktari, ambaye aliirudisha parachuti yake kwangu na si kwa mwingine. Alisimama juu yangu tangu mkunjo wa kwanza hadi lakiri. Namshukuru mchonga mihuri.

Fundisho langu ni dogo. Ukiibiwa kitu chenye jina lako, usikimbilie kukinunua kingine kama hicho. Tangaza kwanza, hata ukichekwa, kisha ufanye kile kilichoibwa kisiwe na kazi. Mimi nilianza mwisho.

Mtauliza hasara. Ukijumlisha vifaa, koleo nililolipiga tupa, na kazi ya bure, ni shilingi laki mbili na elfu arobaini na tatu. Koleo la kwanza halijapatikana, na mtu bado analo. Lakini kila rubani wa pande hizi anajua sasa kwamba alama yake imekufa, kwa hiyo limebaki chuma. Nimepima uzito wa koleo kama hilo, na nimeuliza bei kwa mama mmoja anayenunua vyuma chakavu mtaani Kipsongo. Akilipeleka kwake leo, atapewa shilingi ishirini.