Kompyuta ya Miloje Juu ya Sinia

Oktoba ikifika, mtaa wetu wote hapa mjini Zaječar hunukia pilipili hoho za kuchoma, ndiyo maana siku ile hakuna aliyeshtukia harufu nyingine ya kuungua. Kwenye benchi lililo nje ya mlango wa tatu wa jengo walikuwepo walewale. Rada, tuliyempa jina la Waziri kwa kuwa hakuna jambo la jengo letu lisilompitia, aligeuza pilipili zake kwenye jiko la kuni, kibirika cha kahawa kikichemka pembeni. Stevan alistaafu kazi ya kuwachoma kondoo sindano. Anaitwa Daktari, na anaitika bila haya. Wa mwisho kufika alikuwa Miloje, mkuu wa stesheni wa zamani, ambaye sote twamwita Stesheni. Alikuja na sinia la kuokea, na juu yake kompyuta mpakato iliyotuna tumbo hadi kifuniko kikakataa kufunga. Akaitua chini, mbali kidogo na benchi. Kisha akaketi.

— Umetuokea nini leo, Stesheni? — Daktari akauliza.

— Imevimba. Ilikuwa kitandani, juu ya blanketi. Inaunguza hiyo, msiiguse.

— Na hiki?

Rada alinyanyua kwa ncha za vidole kitambaa cha kufuma kilichokuwa kwenye sinia. Kilikuwa cha marehemu Ljubica, mke wa Miloje, na katikati kilishageuka kahawia.

— Naifunikia. Vumbi lisiingie.

— Maskini Ljubica, hata redio aliifunika.

— Upepo huo, — Daktari akakata shauri. — Umeacha dirisha na mlango wazi, upepo ukapita katikati, ukaipiga ubavuni.

— Upepo gani? Sijafungua dirisha tangu kiangazi kiishe!

— Basi ndiyo hapo! — Rada akadakia. — Joto limekosa pa kutokea.

— Joto halijaua mtu, Waziri. Shangazi yangu aliuawa na upepo.

— Shangazi yako alikuwa na miaka tisini na sita!

— Na angefika mia.

Miloje hakucheka. Rada akamgeukia.

— Waya wa chaji je? Huwa unauchomoa?

— Sichomoi. Usiku na mchana uko palepale. Mwanangu Vukašin anaweza kupiga saa yoyote. Huko Vienna wanafanya kazi kwa zamu.

Rada akarudi kuzigeuza pilipili ambazo alikwisha kuzigeuza.

— Mimi nawaambia, — akasema kwa haraka, — mle ndani wanaweka kidude kinachosoma umri wa mwenye nyumba. Ukifika sabini, betri inavimba. Wanataka wazee tuhame, wachukue jengo.

— Acha uongo wako, mama wee! Gesi tu hiyo. Kondoo wangapi nimewaona wamevimba hivi kwa majani mabichi? Unatafuta penye ulaini, unatoboa, hewa puu! Kondoo anainuka, anadai kula.

Daktari alishatoa bisibisi mfukoni.

— Itapona? — Miloje akauliza.

— Kondoo wanapona, sembuse hiki.

— Kabla ya jioni? Leo Jumapili, Daktari.

Moyoni Miloje alijua ni upuuzi. Lakini alikuwa tayari kuukubali upuuzi wowote utakaoiwasha ile kompyuta kabla ya jioni.

Daktari akaanza kuinama.

— Mzee, usitoboe! Itakulipukia usoni!

Alikuwa Nevena, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akiwasikiliza kutoka mlangoni, mkate kwapani. Akamvuta Daktari kwa ukosi, akawasukuma wote nyuma ya benchi. Punde ile kompyuta ikaanza kufoka yenyewe. Moshi mweupe ukatoka ubavuni, kisha moto.

Miloje akachomoka. Rada akamdaka koti.

— Niache, Waziri! Humo ndimo anamopiga!

— Utaungua, jirani! Tulia!

Iliwaka ikilia pa, pa, hadi sinia likawa jeusi. Walitazama tu.

— Ingekuwa bado kitandani, tungeungua jengo zima, — Nevena akasema. — Betri ikivimba, mzee, huchaji tena. Wala kompyuta hailazwi kwenye blanketi, inakosa pumzi.

Kisha akauona uso wa Miloje, akashusha sauti.

— Pole, baba. Mimi ninayo nyingine, kuukuu lakini nzima. Twende juu nikufungulie, tumtafute mwanao kwenye orodha ya simu, kwa tarehe. Amepiga lini mara ya mwisho?

Daktari akachungulia kikombe chake. Rada akajitia kuangalia jiko. Kila Jumatatu walimuuliza Miloje habari za Vukašin, na kila Jumatatu aliwajibu kwamba mzima, anawasalimu. Nao walipokea salamu hizo wakijua hakuna aliyezituma. Miloje, ambaye zamani alijua saa ya kila treni, hata zile za kuchelewa, alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Nevena aliwatazama mmoja mmoja, mkate bado kwapani.

Rada akainamisha kibirika. Yakatoka machicha matupu.

— Kahawa imekwisha, — akasema. — Nikapike nyingine?

Jumapili saa kama hizi Miloje huwa amekwisha kuaga, anawahi juu akae mbele ya kioo cha kompyuta kungoja simu. Leo pia alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Akafunga kifungo cha juu, akabaki amekaa.