Raheli Chilewa na Anwani ya Vikope

Tarehe 30 Juni 2005 Bi. Raheli Chilewa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika Kituo chetu cha Elimu ya Macho hapa Dodoma. Aliingia kama mpiga chapa. Anaondoka akiwa mhariri wa tovuti, na kiti chake kitabaki wazi, maana ajira mpya zimesitishwa.

Waliomkuta zamani wanakumbuka chumba cha chapa kilichojaa wanawake, na kicheko kilichosikika hadi getini. Raheli aliimba huku akichapa; akikosea wimbo, na barua ilikosewa. Mwaka 1994 ulipofika upunguzaji wa wafanyakazi, wenzake wote waliondolewa siku moja. Yeye alibaki. Hatukumsikia akiimba tena.

Kompyuta zilipoletwa alifundishwa na Fredy, fundi wetu, na mwaka 2003 tovuti ilipofunguliwa akakabidhiwa kurasa za Kiswahili. Fredy alimweleza kwamba anwani ya ukurasa isiwe namba zinazotungwa na kompyuta. Iwe maneno machache, yaliyotenganishwa kwa vistari, yaleyale ambayo mwenye shida angeyaandika akitafuta msaada, kwa sababu mtambo wa kutafutia mtandaoni unayasoma. Raheli aliipenda kazi hiyo. Alipochagua “mtoto-wa-jicho”, chai nzima iliisha tukibishana, Fredy akihofia kwamba watakuja wazazi wanaotafuta majina ya watoto.

Ukurasa wa ugonjwa wa vikope aliupa anwani “trakoma-sugu”. Fredy alimshauri atumie maneno mepesi, akakataa. “Hii ni ofisi ya afya, Fredy. Ugonjwa una jina lake.” Hata ndani ya ukurasa neno vikope halikuwemo.

Oktoba ya mwaka huohuo Yotham, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Mvumi, alimleta mama yake kwenye kliniki yetu akiwa amemshika mkono. Kope zilikuwa zimegeukia ndani na kukwangua kioo cha jicho mpaka kikawa cheupe. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufa, la kushoto linafuata. Daktari alisema upasuaji mdogo wa kope, kama ungefanyika mapema, ungeyaokoa yote mawili. Raheli alikuwa amesimama pale. Alimwuliza Yotham kama hakuwahi kutafuta habari kwenye tovuti yetu.

“Nilitafuta, mama,” Yotham alisema. “Nilikaa pale intaneti mjini. Nikaandika vikope, nikaandika kope zinachoma jicho. Hakikuja kitu. Nikajua basi hakuna tiba, nikarudi nyumbani.”

“Hukuandika trakoma?”

“Ndiyo nini hiyo, mama?”

Kesho yake hatukumwona Raheli mezani kwake. Alikuwa kwenye mabenchi ya kliniki, amekaa katikati ya wagonjwa, akisikiliza kila mmoja anavyoutaja ugonjwa wake. Aliandika upya ukurasa wote, akaupa anwani “vikope-kope-kuchoma-jicho”, na Fredy akahakikisha kwamba anayefungua anwani ya zamani anapelekwa kwenye mpya.

Mwaka uliofuata alifika Dorothea, mshonaji wa Manyoni, na karatasi ya ukurasa ule mkononi. Shemeji yake alikuwa ameupata mtandaoni. Dorothea alifanyiwa upasuaji mapema, na leo anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Baada yake wamekuja wengine. Tulipotaka kumpigia Raheli makofi kikaoni, alituomba tuendelee na ajenda.

Mama yake Yotham haoni tena kabisa. Raheli humtembelea Mvumi kila anapopata nafasi. Safari ya kwanza alimweleza yote: neno alilochagua, ushauri alioukataa. Yule mama akasema, “Sitakudanganya kwamba hainiumi. Lakini kaa, chakula kiko tayari.” Wakala pamoja, Raheli akimsogezea mboga.

Bi. Raheli, hatutasema kwamba yaliyopita yamefutika. Wewe mwenyewe usingekubali. Tunakushukuru kwa kurudi kazini asubuhi ile, wakati ungeweza kuomba uhamisho. Wapo watu wanaoona leo na hawatalijua jina lako. Sisi tunalijua. Ukaishi kwa amani nyumbani kwako Kikuyu, hapahapa Dodoma, mama, na Mungu akupe afya.