Bi. Verna Lindqvist na Picha Iliyo Juu ya Meko

Tarehe 30 Juni Bi. Verna Lindqvist anastaafu, baada ya kuitumikia hifadhi ya nyaraka ya chuo chetu, hapa Ohio, kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo amepanga barua elfu kumi na tisa za waandishi wa Marekani, na picha zao zipatazo mia tatu.

Alianza kazi kwa kufungua maboksi yaliyolowa mvua, akazianika barua kwenye kamba na kuzipanga upya kwa kufuata mwandiko. Kwa wino hakuwa na msamaha: kwenye chumba cha kusomea ni penseli tu. Kalamu alizowanyang'anya maprofesa zimejaa chupa mbili za jamu, na mojawapo ni yangu. Kila mfanyakazi mpya alimfundisha jambo moja: usiamini sura ya picha, igeuze usome nyuma.

Hivyo ndivyo alivyoitambua picha kubwa ya kuchorwa iliyo juu ya meko ya kuotea moto, kwenye chumba cha kusomea. Nyuma yake imeandikwa Adelia Crandall, mwandishi wa riwaya ambaye mji huu unajivunia. Kwa miaka ishirini na miwili tumeuchapa uso ule kwenye kalenda na vikombe vya chuo.

Mwezi huu, akimalizia boksi la mwisho, Bi. Verna alikuta barua ambayo Adelia alimwandikia fundi wa fremu mwaka 1911. Ilisema kwamba aliyechorwa ni Odessa Pruitt, mpishi wake, na kwamba jina la nyuma ni la mwenye mzigo tu, usije ukapotelea kwenye treni.

Mkurugenzi wetu, Bwana Pomeroy, alikuwa amekwisha kuichagua picha hiyohiyo kwa ajili ya karatasi ya programu ya sherehe ya kumuaga. "Jamani Verna, umebakiza siku kumi na moja tu," alimwambia. "Si umwachie atakayekuja?"

"Atakayekuja ataamini nilichoandika mimi," alijibu. "Na huyu mama wa watu aitwe jina la tajiri wake mpaka lini?"

Kusema kweli, wengi wetu tungenyamaza. Yeye alituita sote, akakiri kosa lake, kisha akachukua ufutio na kulifuta jina la Adelia kwenye kadi ya picha hiyo, aliyoiandika mwenyewe.

Programu uliyoishika ina picha ileile. Chini yake, kwa mara ya kwanza, pana jina la Odessa Pruitt.

Ahsante, Bi. Verna. Afya njema na siku ndefu za furaha. Kalamu yangu baki nayo.