Verbe Zilizogeuza Jina ku Mupaka

Ku Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, nyuma ya ukuta ya ile prizo, gereza ya zamani, iko benchi moja, na usiulize mbao zilitoka wapi. Mi Safi wa Kindu njo nauzishaka kahawa pale, na sipendi bantu ba kukumbatia kikombe kimoja asubuhi nzima. Leo bamekumbatia. Ni ju ya Faustin, Murundi wa mashamba. Alhamisi banamungojea Lilongwe, kule Area 25, masista ba Espagne benye kutafuta mulinzi wa kiwanja. Kazi iko na chumba chake. Lakini sista mumoja wao alimupa kitabu, akamuambia: siku ile utanieleza maisha yako ya zamani kwa Kiespanyolo. Tangu pale Faustin halali.

— Verbe zao, hivi vitenzi, zitaniua, Faustin akasema. «Tengo», niko na kintu. Ukiipeleka jana, inakuwa «tuve». «Hago», nafanya. Jana, «hice». Sura yote inapotea!

Épitace akapiga paja. Tunamuita Dosye, ni kusema faili, ju alishapita intavyu saba za bazungu ba kupeleka bakimbizi ngambo.

— Ile verbe ilidanganya! Leo unasema hivi, ya jana inageuka, bazungu banafunga dosye. Njia ya mwongo ni fupi!

— Lakini sista mwenyewe njo alinifundisha.

— Basi na sista bamuchunguze.

Alimasi akacheka. Yeye tunamuita Duane, ni kusema forodha, ju alipitishaka vitenge toka Kindu hadi Bujumbura bila kulipa ushuru hata siku moja.

— Haikudanganya, ndugu. Ilikimbia. Ku mupaka kila muntu anageuza jina. Mi nilipita mipaka tatu na majina ine.

— Ine ya nini?

— Moja ya akiba.

Faustin akafungua ukurasa ingine, jasho inamutiririka.

— Na hii je? Nilienda, «fui». Nilikuwa, tena «fui».

— Aaa! Dosye akasimama. Familia mbili ku karte moja ya posho! Banachukua mahindi mara mbili!

— Haba na haba hujaza kibaba, Duane akasema.

— Bapeleke yote ku kontrole!

Nikashindwa kuvumilia.

— Kunyweni kahawa, bajinga nyinyi! Muntu anatafuta kazi, munamushitakia verbe!

Dosye akakunja mikono kama sista, akamuambia Faustin aanze. Faustin akasimama wima na karatasi yenye aliandika, akasoma.

— «Fui cultivador. Hice una casa. Tuve una esposa.»

— Mama yangu! Duane akapiga makofi. Huyu ashafika Espagne!

Kaneza, mama mwenye kushuka juzi ku lori ya mahindi toka Mponela, alikuwa anangojea kikombe chake.

— Anasema nini?

— Nilikuwa mulimaji, Faustin akamujibu na furaha yote. Nilijenga nyumba. Nilikuwa na bibi, muke wangu Goreth. Tulipotezana ku njia wakati ya kukimbia.

Kaneza akamuangalia.

— Unasema «nilikuwa» naye. Na nani alikuambia alikufa?

Dosye, na intavyu zake zote saba, akaangalia viatu. Mi nikamumiminia Kaneza kikombe chake. Faustin akakaa, akaanza kufuta mustari ya mwisho, ile ya «tuve una esposa», na kidole, pole pole, mpaka karatasi ikatoboka.