Mifuko ya Mchanga ya Dale

Jirani wa Lorna anadai kwamba juzi, taa ya kijani ilipowaka kwenye uwanja wa mbio za magari, gari la marehemu Dale, mumewe Lorna, Lorna akiwa usukani, lilirukaruka upande wa nyuma kama mbuzi aliyekanyaga makaa, hadi jirani huyo, aliyekuwa jukwaani akitazama, meno ya bandia yakamlegea.

Lorna alimsimulia hayo mzee aliyekaa naye kwenye basi la Toledo, kwa vile mzee huyo alivaa kofia ya mashindano ya magari. Mzee hakucheka.

"Wananiambia niliuze kabla halijaniua," Lorna alisema. "Mume wangu aliliunda miaka yote ya ndoa yetu. Nitaliuzaje?"

"Usiuze, dada. Ni springi hizo za nyuma. Ukikanyaga mafuta zinajipinda, zikijiachia tairi linadunda. Funga vyuma vya kuzizuia, upunguze upepo wa tairi kidogo. Kwenye buti kuna nini?"

"Mchanga, mifuko miwili. Dale aliiweka ili gari lisiteleze kwenye theluji."

"Itoe! Uzito hauzuii springi kujipinda. Mimi nilipakia hadi shemeji yangu, na ekseli ikavunjika vilevile."

Abiria wa nyuma walicheka, maana walikuwa wakisikiliza muda wote. Lorna alitazama dirishani.

"Aliipakia wiki aliyofariki," alisema. "Mafundo aliyofunga bado yapo. Vyuma nitafunga, mzee wangu, ila kuitoa mifuko hiyo mkono wangu unakataa. Ungekuja Jumamosi ukanitolea wewe?"

Basi likasimama. Mzee akavua kofia, akaishika mapajani kwa heshima ya marehemu, akasema, "Jumamosi nitakuja," na watu wakaanza kushuka.