Gasana, Aliyeipunguza Misonobari ya Rugerero

Gasana Jean de Dieu alizaliwa tarehe 14 Februari 1967 kule Masisi, Kongo, mtoto wa pili wa marehemu Sano na marehemu Kabatesi. Mimi ninayewasomea ni Mukasine, mdogo wake. Nitajaribu kusoma bila hasira, ila siahidi.

Alimaliza shule ya msingi hukohuko. Mwaka 1995 familia ilirudi Rwanda, ikakaa Rugerero, naye akapata kozi ya misitu ya miezi tisa. Hiyo ndiyo shule aliyoipenda.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa Nyundo na Nyirarukundo. Siku ya kuposa aligonga benchi la ukweni kwa kidole, unga wa mbao iliyoliwa na wadudu ukamwagika, akauliza mti ule ulikatwa mwezi gani. Baba mkwe akamwambia, "We unakuja kuoa benchi ao mutoto yangu?" Juvénal, kaka wa bibi harusi, alicheka hadi akatoka nje. Yeye na Gasana walipendana tangu siku hiyo, na hilo mlikumbuke.

Kazi yake ilikuwa kusimamia msitu wa misonobari wa ushirika wetu, upande wa juu na upande wa chini. Alisema miti ikibanana inagombania maji na mwanga, inadhoofika, na wadudu wanakuja kula. Kwa hiyo mmoja katika kila mitatu utolewe. Mwaka 2008 alipunguza upande wa juu, na hapo alikosea. Wanachama walimwomba magogo yalale msituni kiangazi chote, yakauke, yawe mepesi kubebwa kichwani, naye akakubali. Mbawakavu walizaliana chini ya magome ya magogo yale, wakahamia kwenye miti mizima, wakaua arobaini. Alikiri kosa lake mbele ya mkutano wote. Lakini watu waliondoka na neno moja tu, kwamba kupunguza miti kunaleta wadudu.

Alhamisi tarehe 16 Juni 2016 alipoanza kupaka alama nyekundu upande wa chini, wanachama walimfuata na mapanga. Juvénal alikuwa mbele, akipiga kelele: "Ulishaua miti yetu mara moya! Leo hautakata hata moya!" Gasana alinyoosha mkono kukinga uso, panga la Juvénal likashuka, na vidole vitatu vikaanguka kwenye majani makavu. Niliviokota mimi. Juvénal alitupa panga akakimbia. Kaka yangu alikataa kumshtaki. Mimi ningemshtaki siku hiyohiyo. Panga hilo lilikaa nyuma ya mlango wa kaka, na kwa vidole viwili vilivyobaki akalitumia kukatia matawi.

Mwaka 2019 walikuja vidukari, wadudu wa kufyonza utomvu, weupe kama pamba. Miti ya juu iliumwa ikapona. Ya chini, iliyobanana, ikawa njano, ikawa nyekundu, ikafa imesimama, mamia. Iliyo hai bado imebanwa kati ya maiti. Hakuna aliyerudi kumwambia kwamba alikuwa sahihi, na hilo lilimuuma kuliko mkono.

Jumanne tarehe 5 Septemba 2023 aliingia kule chini peke yake kuangusha miti mikavu, kwa sababu wanawake huokota kuni pale. Upepo ulivunja kilele cha mti kikamponda kifua. Majirani walimlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, na aliyeshika mbele alikuwa Juvénal. Damu ikimtoka mdomoni alisema, "Juvénal, punguza kule chini. Matawi usiache mule." Juvénal akajibu, "Nitafanya, shemeji." Kaka alifariki kabla hatujafika barabarani. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Ameacha mke, Nyirarukundo, watoto wawili, Liliane na Niyonzima, mimi, na ndugu wa Goma waliovuka mpaka kuja kutufariji. Ameacha pia shemeji yake Juvénal, ambaye ameomba mwenyewe jina lake lisomwe hapa, pamoja na alichokifanya.

Familia haihitaji mashada. Jumatatu saa moja asubuhi tukutane upande wa chini, na kila atakayekata atoke na magogo yake na matawi yake siku hiyohiyo. Juvénal, panga lako hili hapa. Nimelinoa mwenyewe. Wewe utaanza.

Alale salama kaka yetu, kazi ya msitu tutaimaliza sisi.