Mama Dalili, Aliyeugua kwa Niaba ya Wanafunzi

Dada yetu, ambaye wanafunzi wa udaktari walimwita Mama Dalili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Dada alipokuwa na miaka kumi na tisa, mama yetu alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Tangu hapo tumbo halikutajwa nyumbani. Aliyeumwa alisema amechoka. Naandika haya kwa hofu, na mtaona kwa nini.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984, kisha akasomea uhazili. Shuleni alisifika kwa kuugua siku za hisabati. Mwalimu wa zamu alimruhusu kwenda nyumbani mara tatu kabla ya kushtuka.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika chuo cha udaktari. Mwaka 2003 chuo kilianza kutumia watu wazima wenye afya kuigiza wagonjwa kwenye mitihani, na utundu wake ukaanza kulipwa mshahara. Alipewa karatasi ya dalili, akaikariri, akapimwa na wanafunzi, kisha akawapa alama. Asubuhi aliugua kidole tumbo, mchana pumu, jioni alirudi nyumbani mzima akidai chai.

Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 1992 na seremala wa chuo hichohicho. Dada akilalamika maumivu, shemeji aliuliza kwanza, “Hiyo ni ya kazi au ya kwako?” Tulicheka sana enzi hizo.

Katika mtihani wa tarehe 11 Novemba 2021, karatasi yake ilisema vidonda vya tumbo. Mwanafunzi mmoja alimpapasa, akasita, akarudia upande wa kulia, chini.

“Mama, hapa pana uvimbe.”

Uvimbe haukuwamo kwenye karatasi. Dada alimpa sifuri na kuandika: anabuni dalili. Kijana alimfuata hadi kwenye korido.

“Nisamehe, mama, lakini sijabuni. Tafadhali nenda ukapimwe.”

“Wewe nenda ukasome,” dada alimjibu.

Ilipita miezi saba kabla hajaenda kupimwa. Siku moja wodini aliniambia, “Mdogo wangu, vidole vyake vilipogusa pale nilimkumbuka mama. Niliogopa, ndiyo maana nikampa sifuri.” Aliandikia chuo barua, alama za kijana zikarekebishwa. Ila maji yakimwagika hayazoleki. Saratani ya utumbo ilikuwa imefika kwenye ini.

Watafiti wa chuo walimwomba kipande cha uvimbe, naye akakubali. Waligundua kwamba alizaliwa na kasoro katika seli zake: zinapojigawa hukosea, na hazijui kujisahihisha. Walisema huenda aliirithi kwa mama, na kila mtoto wa mama huyo ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Kaka yetu alipimwa, hana. Mimi barua yangu ya kuitwa nimekaa nayo miezi mitano. Dada aliniuliza kila nilipomtembelea, nami kila mara nilimwambia wiki ijayo. Nilimdanganya mgonjwa, tena dada yangu.

Alifariki Jumatano tarehe 7 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti wawili, mjukuu mmoja, kaka, na mimi mdogo wake, ambaye sijapimwa. Binti zake wameitwa pia, nao wananitazama mimi. Kwa hiyo naandika: Jumatatu tarehe 12, saa mbili asubuhi, nitakwenda nao kutolewa damu. Naogopa. Nimeomba mstari huu uchapwe kwenye karatasi hizi za mazishi mlizoshika, nakala mia mbili, nisiweze kuufuta. Atakayekutana nami Jumanne aniulize.

Pumzika, dada. Amani ambayo hofu ilikunyima, Mungu akupe sasa.